Mvua Aliyoiogopa Selina

Kitendawili! Semeni tega, nisikie sauti zenu.

Watatu wanakimbia njia moja. Wa kwanza anakimbia tumbo lake. Wa pili anakimbia mkono wake. Wa tatu hakimbii chochote kilicho chake. Wote wamefika mlangoni kwako, na vumbi la miguuni ni lilelile. Yupi utamwambia, "Kaa, usirudi ulikotoka"?

Usijibu haraka, mjukuu wangu. Kiweke shavuni kama punje ya karanga, tutakitafuna mbele ya safari. Ukishindwa kabisa utanipa mji.

Basi, mwaka mmoja kabla ya Uhuru, Waingereza wakiwa bado wanatawala, aliishi Itigi msichana mmoja jina lake Yunisi, mwenye miaka kumi na miwili. Baba yake, Zefania, alikuwa Mnyaturu wa Sepuka, na kazi yake ilikuwa kwenye gengi la kutengeneza njia ya reli. Mama yake, Kristina, alikuwa Mgogo. Nyumba yao ya tembe ilikuwa nyuma ya stesheni, karibu kiasi kwamba treni ikipita vibuyu vilitikisika ukutani.

Kila asubuhi kabla ya shule, Yunisi alichota maji, akafagia uwanja, akachemsha mayai na kuyapanga kwenye ungo. Treni ya kutoka Tabora ilipopiga honi, alikimbia na wenzake mpaka chini ya madirisha.

"Mayai! Mayai ya moto!"

"Asali! Asali ya Itigi, onja kwanza!"

Abiria wengi wa mabehewa ya nyuma walikuwa manamba, yaani watu walioandikwa kwenda kukata mkonge Morogoro na Tanga. Walitoka mbali, wengine ng'ambo ya mipaka. Ilitokea mara nyingine manamba akashuka njiani na kutoroka mkataba wake. Watu wa Itigi waliwajua watoro hao, na hawakuwapenda, kwa sababu mmoja aliwahi kuondoka na mbuzi wa watu.

Asubuhi moja ya kiangazi, treni ilipokwisha kuondoka, Yunisi aliona watu watatu wamekaa kwenye kivuli cha ghala. Mwanamke alikuwa amelala juu ya mkeka, anatetemeka kwa homa ijapokuwa jua lilikuwa kali. Mwanamume alikuwa akimpepea kwa kofia. Kando yao alikaa msichana wa rika la Yunisi, amekumbatia chombo cha mti cheusi, kilichochongwa vizuri, chenye kifuniko cha kusuka kilichochongoka kama paa la msonge.

Yunisi alikuwa amebakiwa na yai moja. Akamnyoshea yule msichana. Msichana akalipokea kwa mikono miwili, akalimenya, akampa mama yake lote.

"Unaitwa nani?"

"Selina."

"Hicho chombo kina nini?"

Selina akakivuta karibu zaidi na kifua chake.

Yunisi alikimbia nyumbani kumwambia mama yake. Kristina alikuwa akisaga uwele, akanyanyua kichwa.

"Mgonjwa, kwenye jua hili? Na wewe umekuja kunisimulia badala ya kuja nao?"

Jioni ile wageni walikuwa wamekwisha pewa chumba cha kando ya zizi. Kristina akawapikia ugali wa uwele na mlenda. Selina alichovya tonge, akalivuta, na mlenda ukamfuata mrefu kama uzi. Akauvuta zaidi, nao ukazidi kumfuata mpaka kwenye kidevu. Akamtazama Yunisi kwa hofu.

"Ukate kwa kidole!" Yunisi akacheka. "Usipoukata utakufuata mpaka kwenu."

Selina naye akacheka kidogo, kisha akageuka kukitazama chombo chake, kama mtu aliyekumbuka jambo.

Baba yake aliitwa Laurenti. Alijua Kiswahili kizuri kwa sababu aliwahi kuendesha lori la kahawa mpaka Bukoba. Walitoka Rwanda. Zaidi ya hapo hakusema, na hakuna aliyemuuliza, kwa sababu desturi ya pale ilikuwa kwamba mgeni haulizwi safari yake mpaka ale na kulala.

Lakini majirani wana macho. Asubuhi iliyofuata alikuja Antipasi, mfugaji, mtu mwenye ng'ombe wengi na maneno mengi kuliko ng'ombe.

"Mbukwa, mama Yunisi. Nasikia umeokota watoro."

"Nimepokea wageni, baba Philipo. Karibu uji."

"Uji nitakunywa. Lakini mtoto wangu Philipo anasema yule msichana ana chombo hakifunguliwi. Mtu mwema anafunika nini? Manamba hawa! Amekimbia mkonge huyo, au amekimbia kesi. Jumbe amesema Jumapili waje barazani waseme wamekimbia nini."

Siku hiyo Yunisi na Selina walikwenda kuchota maji korongoni, pale ambapo wakati wa kiangazi watu huchimba mchanga mpaka maji yachuruzike. Yunisi alichota kwa kibuyu, Selina akashika mtungi.

"Baba haogopi mtu," Selina akasema polepole, akitafuta maneno. "Lakini baraza anaogopa. Watu ndani ya treni walimwambia, ukitaja mambo ya vita mbele ya serikali, utarudishwa. Hajui aseme nini."

Yunisi akafikiri. Hakutaka rafiki yake aondoke. Akakumbuka mwaka uliopita, ndugu za mama yake walipokuja kutoka Ugogo kuhemea. Kuhemea, kwa wasiojua, ni kwenda ugenini kutafuta nafaka mvua zinapokosekana. Katika nchi ile kavu kila ukoo umewahi kuhemea, kwa hiyo hakuna anayemfungia mlango mtu wa namna hiyo. Leo ni yeye, kesho ni wewe. Yunisi alikumbuka jinsi wajomba walivyokaribishwa, kila nyumba ikatoa chochote.

"Sikiliza," akasema. "Baba yako aseme mmekuja kuhemea. Basi! Hapa kwetu mwenye njaa hafukuzwi."

"Lakini si kweli."

"Si kweli kidogo tu. Mna njaa, hamna?"

Selina akatazama maji yakijaa taratibu. "Njaa tunayo," akasema.

Jumapili watu walijaa kwenye banda la baraza. Jumbe Naftali alikuwa mzee mfupi, mpole, aliyekuwa na jozi moja ya viatu vya ngozi alivyovivaa kwa ajili ya baraza tu, navyo vilimbana. Watu walijua shauri likimgusa sana, huvivua.

"Bwana Laurenti," akauliza, "mmekimbia nini?"

Laurenti akasimama. Akamtazama binti yake, kisha akatazama chini.

"Tumekuja kuhemea, Mzee."

Loo! Baraza zima likalegea kama ngozi iliyotiwa maji. Wanawake wakasema, "Masikini." Mtu mmoja akauliza kama huko kwao mtama umekauka wote, Laurenti akainamisha kichwa tu. Hata Antipasi akakuna kidevu. "Mngesema mapema," akanung'unika. "Nina debe la uwele, watume watoto."

Jumbe hakuvivua viatu siku ile. Shauri lilikuwa jepesi.

"Kuhemea tunakujua," akasema. "Mtakula na sisi. Mvua za kwanza zikianguka, tutawapa mbegu na kuwasindikiza kwenye treni mrudi mkalime, maana si vizuri shamba la mtu lilale. Ndiyo desturi."

Watu wakapiga makofi. Yunisi hakupiga. Aliona uso wa Laurenti umebadilika kuwa kama majivu, na ndipo akakumbuka wajomba walivyoondoka. Maskini Yunisi! Alikuwa amekumbuka mlango walioingilia, akasahau mlango waliotokea.

Siku zile zilikuwa za ajabu. Kijiji kizima kiliwapenda wageni. Mmoja alileta uwele, mwingine mlenda mkavu, mwingine jembe kuukuu la kupeleka nyumbani. Mama Selina alipona homa, akashukuru kila mtu kwa kuinamisha kichwa. Wanawake wakamuuliza kwa wema, "Mnarudi lini, mama?" Naye alitabasamu, kisha akaingia ndani, asitoke mpaka jioni.

Mawingu yakaanza kukusanyika upande wa mashariki. Wazee walitoka nje asubuhi wakayasifu. Watoto waliimba wakirudi shuleni. Mtu mmoja tu katika Itigi nzima aliyatazama mawingu yale kama unavyomtazama fisi akinyemelea zizi. Selina. Kila upepo ulipoyapeleka mbali, alikula. Yaliporudi, aliacha chakula.

Mchana mmoja matone ya kwanza yakaanguka, makubwa, mazito, na vumbi likanukia vizuri. Watu walitoka wakacheza uwanjani. Philipo alikuwa amefungua mdomo wazi juu, anakunywa mvua. Yunisi akamtafuta Selina ili wacheze, akamkuta chumbani, amejikunja kwenye pembe na chombo chake.

"Selina! Mvua! Njoo!"

"Nenda wewe. Mvua ya kwenu inanifukuza."

"Hutaki kurudi kwenu?"

Hapo Selina akasema yote, kwa Kiswahili chake cha kuokoteza, maneno yakigongana. Hawakukimbia njaa. Kwao mvua zilinyesha vizuri, viazi vilikuwa shambani, migomba imejaa. Walikimbia watu waliokuja na mienge na mapanga, wakachoma nyumba, wakasema kizazi chao kiondoke au kife. Wakirudi, wale watu bado wapo.

Yunisi alirudi nyuma mpaka mlangoni. Alitaka kwenda kujificha. Kama angenyamaza, nani angejua kwamba yeye ndiye aliyefundisha uongo ule? Lakini tarishi wa Jumbe alikuwa amekwisha pita nyumba kwa nyumba: wageni wataondoka na treni ya Alhamisi.

Alitoka mbio kwenye mvua mpaka jikoni.

"Mama, nimewaua watu," akasema, akaanza kulia.

Kristina alisikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza. Hakumpiga wala hakumtukana. Alifuta mikono, akachukua kanga na kujitanda kichwani.

"Twende."

"Wapi, mama? Mvua inanyesha!"

"Itunyeshee tu. Uongo ukilala siku ya pili unazaa."

Jumbe Naftali walimkuta barazani kwake miguu mitupu, viatu amevitungika ukutani visilowe.

"Shikamoo, Jumbe."

"Marahaba, mama Yunisi. Mvua hii imekuleta?"

"Uongo ndio ulionileta. Si wangu, lakini umelala nyumbani kwangu. Yunisi, sema."

Yunisi akasema yote tangu korongoni, maji ya mvua yakimtiririka. Alipomaliza, Jumbe aliinuka kitini, mvua ikipiga juu ya tembe.

"Lililosemwa mbele ya watu hurekebishwa mbele ya watu," akasema. "Tarishi! Waite wazee. Na wageni waje."

Baraza la pili halikuwa pole kama lile la kwanza. Laurenti alipokiri kwamba hakuja kuhemea bali alichomewa nyumba, watu waliguna. Waliona wamechezewa, na kila mmoja alikumbuka nafaka yake. Kwa kweli Laurenti alikuwa hatarini kuliko siku ya kwanza, kwa sababu mtu akikamatwa na uongo mmoja, ukweli wake wote hushukiwa.

Antipasi akasimama. "Juzi njaa, leo moto! Kesho mtatuambia mlifukuzwa na simba! Mimi nilisema, huyu ni mtoro."

"Baba Philipo, keti," Jumbe akasema. "Laurenti, kwa nini ulidanganya?"

"Niliogopa, Mzee. Niliambiwa nikisema kweli nitarudishwa. Kumbe uongo ndio ulionikatia tiketi ya kurudi."

"Basi nijibu sasa. Nikikujazia ghala la uwele huko kwenu, utarudi?"

"Sitarudi, Mzee."

"Yuko mtu huko uliyemwibia, au uliyemwaga damu yake, anayekutafuta kwa haki?"

"Hakuna."

"Basi wakuchomee nyumba kwa nini?"

Laurenti akashika kofia yake kwa mikono miwili. "Niliwabebea maharusi wao kwenye lori langu bila kudai kitu. Waliponijia usiku ule hawakusema nimefanya nini. Walisema sisi ni watu wa kabila gani. Mzee, kosa ningelilipa. Kuzaliwa nitakulipaje?"

Hakuna aliyeguna. Lakini Jumbe alikuwa mtu mwangalifu, na maneno matamu alikuwa amesikia mengi. Akawaambia Laurenti na mke wake watoke, wakangoje kwenye kibanda cha kuku. Kisha akamwita Selina.

"Mjukuu wangu, usiogope. Mliokokaje?"

"Jirani alituficha. Mzee Gaspari. Ana shimo la kuivishia ndizi nyuma ya nyumba. Akatuingiza humo, akafunika majani."

"Gaspari ni wa kabila lenu?"

"Hapana. Ni wa kabila la wale waliochoma. Mtoto wake mkubwa alikuwa pamoja nao. Lakini yeye alituficha."

Jumbe akaitikia polepole. "Na huko shimoni mlikula nini?"

"Viazi vitamu. Vibichi. Mzee Gaspari alivitupa ndani."

Jumbe akamwita Laurenti na mke wake warudi. "Mlijificha wapi?"

"Katika shimo la ndizi la jirani yetu Gaspari," Laurenti akajibu.

"Mlikula nini?"

"Hatukula kitu, Mzee."

Antipasi akaruka kama aliyekanyaga kaa la moto. "Mmesikia! Mmoja anasema walikula viazi, mwingine anasema hawakula! Uongo hauna miguu, nilisema mimi!"

Watu wakaanza kuzungumza wote kwa pamoja. Selina alimtazama Antipasi, kisha akamgeukia mama yake. Uso wake ulikuwa wa mtu anayepiga hesabu ngumu.

"Mama," akasema, na sauti ilikuwa ndogo, "si uliniambia ninyi mmekula nilipokuwa nimelala?"

Mama Selina aliinamisha kichwa, akajifunika uso kwa ncha ya nguo yake.

"Kumbe hamkula?"

Antipasi alikuwa amesimama bado, kidole hewani. Akakishusha. Akatafuta kiti chake kwa mkono, kama kipofu, akakaa.

"Waongo," Jumbe Naftali akasema taratibu, "hupatana kabla ya kufika watasema walikula nini."

Zefania, baba yake Yunisi, akaomba kusema. Alieleza kwamba wafanyakazi wa treni za kutoka magharibi walikuwa wakisimulia habari hizohizo tangu miezi mingi: watu wa Rwanda wanavuka mpaka, wazee kwa watoto, wamebeba mikeka vichwani. Hakuwa amejua kwamba baadhi yao wamelala kando ya zizi lake.

Ndipo Jumbe aliposimama.

"Wazee, tulikuwa karibu kufanya jambo baya kwa moyo mzuri. Alhamisi tungewapakia watu hawa kwenye treni, na mbegu mkononi, na nyimbo, tukiwapungia mikono, tukawarudisha kwa mwenye panga. Anayekimbia njaa tunamlisha, na mvua ikija anarudi, kwa sababu mvua ndiyo dawa yake. Aliyeiba au kuua akaja kwetu, huyo anakimbia kazi ya mkono wake mwenyewe. Tunamrudisha akahukumiwe kwa haki. Lakini mtu anayewindwa kwa sababu ya alivyozaliwa, au anavyosali, au anavyofikiri, na serikali ya kwao haimlindi, huyo ni mkimbizi. Mvua haimponyi. Faini haimponyi. Dawa yake ni mlango wa mtu mwingine."

"Na kama tukikosea?" mzee mmoja akauliza.

"Ndiyo maana tunauliza kabla ya kuamua, na kila mtu tunamsikiliza peke yake. Neno la mwisho si langu, liko kwa Bwana Shauri, mkuu wa serikali wilayani, kule Manyoni. Nitakwenda nao mwenyewe." Akatazama viatu vyake ukutani, akakunja uso. "Na hivyo nitavivaa."

Watu wakacheka, na kicheko kile kiliwafaa.

"Bado shauri moja," Jumbe akaendelea. "Yunisi, binti Zefania. Baraza limedanganywa, na baraza lina faini. Utazunguka kila nyumba iliyotoa nafaka, na utasema ukweli kwa mdomo huohuo."

Faini ile ilikuwa nzito kuliko mbuzi. Yunisi alizunguka nyumba kwa nyumba, miguu ikimzama kwenye matope. Mlango wa kwanza alipiga hodi, akarudi nyuma, akapiga tena. Bibi mmoja mkali alimsikiliza, akamwambia, "Kwa hiyo hawakuwa na njaa?" Yunisi akasema, "Walikuwa nayo, bibi, lakini siyo waliyoikimbia." Bibi akafikiri, akaingia ndani, akatoka na kibaba kingine cha uwele. Hakuna nyumba hata moja iliyodai nafaka yake.

Jioni, Yunisi alikaa karibu na mama yake pale kwenye jiwe la kusagia.

"Mama, mimi nilitaka kumsaidia."

"Najua. Ndiyo maana sikukuchapa." Kristina akamwaga punje kwenye jiwe. "Lakini sikiliza, mwanangu. Ukienda kwa mganga una kidonda mguuni, ukamwonyesha kichwa kwa kuwa dawa ya kichwa ni tamu, atakupa dawa nzuri kabisa, na mguu utaoza. Mtu mwenye shida mfundishe kusema shida yake ilivyo. Kama anaogopa, msindikize. Kumsindikiza ndiyo kazi ya rafiki."

"Na kama ukweli ungekataliwa?"

"Ungekataliwa, tungesimama tena kuusema. Ukweli unaweza kuurudia hata mara ngapi, haubadiliki. Uongo, wewe mwenyewe unasahau ulikouacha."

Haya, wajukuu wangu, ile karanga ya shavuni mmeitafuna? Nadhani mji wangu sitaupata.

Jumbe Naftali alikwenda Manyoni pamoja na Laurenti na familia yake. Huko waliulizwa upya, mmoja mmoja, na mara hii Laurenti hakutafuta maneno ya kuazima. Kristina na Yunisi walikwenda stesheni kila treni ilipotoka upande ule, wakarudi peke yao. Hatimaye asubuhi moja, Yunisi akiwa na ungo wake wa mayai, aliona kwanza viatu vya ngozi vimeshikwa mkononi, kisha Jumbe mwenyewe anashuka miguu mitupu, na nyuma yake watatu.

"Wamekubaliwa!" Jumbe akapaza sauti kabla hajafika chini. "Watakaa!"

Yunisi aliangusha ungo. Mayai yalipasuka yote, na siku ile Kristina hakusema neno.

Walipewa kiwanja kando ya shamba la Zefania, na gengi la reli likasaidia kukata miti ya tembe. Mama Selina alichukua mbegu zile alizopewa za kurudi nazo, akazipanda palepale Itigi, na uwele ukatoka.

Siku moja Antipasi akatokea njiani, anavuta ng'ombe jike mwekundu. Hakumtazama mtu usoni.

"Huyu ana kiburi," akasema. "Amempiga Philipo teke mara mbili. Nimesikia Wanyarwanda mnajua ng'ombe. Basi, bwana Laurenti, mtunze hapa kwako. Ndama ni wangu, maziwa ni yenu. Ndiyo desturi yetu." Kisha akaongeza, kwa sauti ya chini, "Mtoto asinywe peke yake. Mnywe wote."

Laurenti akamkaribia ng'ombe taratibu, akimwimbia kitu cha kwao kwa sauti nyororo, akimpapasa shingoni. Ng'ombe akatikisa sikio, akasimama.

Selina akaingia ndani mbio, akarudi na chombo chake cheusi. Watoto wakasogea wote, Philipo mbele. Kwa mara ya kwanza tangu aliposhuka kwenye treni, akaondoa kile kifuniko cha kusuka. Yunisi akachungulia ndani.

"Kitupu!" akasema. "Selina, hakina kitu! Siku zote zile, ulikuwa unafunika nini?"

Selina alikishika chombo kwa mikono miwili chini ya mikono ya baba yake, aliyekwisha chutama kukamua. Maziwa yakaanza kugonga mti, yakaongezeka, povu likapanda mpaka kwenye mdomo. Ndipo alipokifunika, akamgeukia rafiki yake.

"Nilikuwa nayawekea maziwa nafasi yake," akasema.